Sahani ya Bati, Yamagata

Yamagata, Japani
2 Oktoba

Bibi yangu, mke mwenzangu,

Shikamoo. Mimi mzima, ila baridi ya huku inanikumbusha kila asubuhi kwamba nina masikio. Mume wetu hajambo? Mwambie asithubutu kuoa mwingine kabla sijarudi.

Na kurudi ndiko kulikonifanya nikuandikie. Chuo wanataka kujua kama nitaendelea na mwaka wa pili, nami nataka kurudi nyumbani Machi. Masomo hayanishindi, Bibi. Kinachonishinda ni kimya. Watu wa huku si wabaya. Nilisahau mwavuli kwenye basi, nikaletewa mpaka chuoni. Lakini miezi sita sasa, hakuna aliyeniuliza nimeamkaje. Tunayepakana naye ukuta ni Bi Okuyama, mama mtu mzima anayeishi peke yake. Siku moja nilitoa chupa siku ya takataka za kuchomwa. Akazirudisha mlangoni kwangu zimeoshwa, akainama, akaenda zake. Nilitamani anigombeze, walau nisikie sauti ya mtu.

Jioni spika ya mtaa hupiga wimbo wa kuwaita watoto majumbani, nami huacha sufuria jikoni nikalia. Nipe ruhusa nirudi.

Mjukuu wako,
Mwamini

Ujiji
27 Oktoba

Mjukuu wangu Mwamini,

Marahaba. Mimi sijambo, magoti tu ndiyo yananinung'unikia. Mume wetu yupo, anakoroma hapa pembeni kana kwamba analipwa.

Barua yako imenitia simanzi, halafu ikanikasirisha. Miezi sita umepakana ukuta na mtu na hujampelekea hata andazi? Ulilelewa na nani, paka? Ile sahani ya bati yenye maua niliyokufungia kwenye sanduku ina kazi gani huko? Pika, gonga, toa, nenda zako.

Tukubaliane hivi. Ikifika Machi huna hata mtu mmoja wa kukujulia hali, rudi, na mimi mwenyewe nitakupokea stesheni ya Kigoma na kanga mpya. Ukimpata huyo mmoja, unabaki na unamaliza.

Bibi yako,
mke mwenzio mkubwa

Yamagata
28 Novemba

Mke mkubwa,

Shikamoo, na pole ya magoti. Huku theluji imeanza, lakini leo sina malalamiko.

Nilikaanga sambusa za samaki nikagonga. Bi Okuyama akafungua kidogo, akaona sahani, akainama, nikainama, akainama tena. Nikadhani tutakesha. Kesho yake sahani ikarudi na matunda matamu ya huku yaitwayo kaki, aliyoyakausha mwenyewe barazani. Nikapeleka maandazi, ikarudi na figili za kuchachua. Nikapeleka pilau ya kuku, ikarudi imefungwa kwenye kitambaa cha hariri, ndani yake mapeari makubwa ya dukani, kila moja limevikwa karatasi kama bibi harusi.

Hatuongei sana. Lakini nikisikia nyayo zake kizingitini, moyo unanichangamka.

Mjukuu wako,
Mwamini

Ujiji
20 Desemba

Mwamini,

Marahaba, mwanangu, na uzima uzidi. Hapa barua yako imesomwa kibarazani mara mbili, majirani wakapiga vigelegele.

Lakini hayo mapeari sijayapenda. Huyo mama anataka kutuonyesha kwamba sisi hatujui kutoa! Usinitie aibu. Pika biriani, ile ya Idi, usibane zafarani. Tuone atarudisha nini.

Bibi yako

Yamagata
25 Januari

Bibi,

Shikamoo. Mwili wangu mzima, moyo sivyo.

Biriani nilipika, ikatoka kama yako. Sahani haikurudi. Siku ya nne akagonga mwanamke wa makamo, sahani mkononi, juu yake boksi la keki. Ni binti yake Bi Okuyama, anaishi Sendai.

"Dada, uniwie radhi kwa usumbufu," akasema ameinama. "Mama akipata sahani yako hatulii. Hawezi kuirudisha tupu, kwake ni aibu. Juzi alitoka kwenye barafu kutafuta kitu cha kulingana na ule wali. Ameteleza, mkono umevunjika."

Kumbe nao, Bibi, hawarudishi sahani tupu. Mkono ule umevunjwa na biriani yetu. Siwezi hata kumtazama usoni, nasubiri aingie ndani ndipo nitoke. Sina mtu tena. Machi nakuja.

Mwamini

Ujiji
14 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Nimeanza kuisoma barua yako nimesimama, nikaimaliza nimekaa chini.

Kumbe nilikuwa nashindana na mimi mwenyewe! Huyo mama angekuwa jirani yangu tungechoshana mpaka kaburini. Imeniuma sana, mpe pole yangu.

Sasa nisikilize. Hiyo sahani iweke juu ya kabati. Nenda mikono mitupu. Mwenye mkono mmoja anakamuaje nguo? Nani anamwondolea theluji mlangoni? Atakukataza, na wewe jifanye lugha imekupotea. Kwa hili tu nakuruhusu uwe mjinga.

Ukishamtendea hayo, uje kama ulivyosema. Kanga nimeshanunua.

Bibi yako

Yamagata
29 Machi

Bibi yangu,

Shikamoo mara nyingi. Mimi mzima kabisa, na Bi Okuyama mkono unaendelea vizuri.

Nilikwenda mikono ikining'inia kama ya mwizi aliyekosa cha kuiba. Nikamwondolea theluji mlangoni, nikamwanikia nguo. Siku ya kwanza aliinama mpaka nikaogopa mgongo wake. Siku ya tatu akafoka: "Taulo hazikunjwi hivyo! Kwenu mnakunjaje, kwa miguu?" Bibi, nilicheka hadi machozi. Ni lini mara ya mwisho niligombezwa na mtu!

Jumapili nikasahau agizo lako, nikampelekea maandazi kwenye sahani ileile. Jioni akagonga. Sahani imeoshwa, inang'aa, na juu yake hamna kitu. Hamna! Uso ukaniwaka, nikajua tumeachana. Na yeye wala hakuinama.

"Leo sukari imezidi," akasema. "Na mbona asubuhi hukupita? Umeamka vibaya?"

Nikaipokea sahani, nikafunga mlango. Nikampigia binti yake simu nikamwuliza nimekosa nini safari hii. Akacheka. "Mama anarudisha sahani tupu kwa watu wawili tu," akasema, "mimi na dada yake. Sasa tumekuwa watatu."

Chuo nimewajibu kwamba naendelea. Kanga vaa mwenyewe. Ukimtumia Bi Okuyama tutaanza upya, na mikono yenyewe anayo miwili tu. Msalimie mume wetu.

Stesheni usiende, Bibi.

Mjukuu wako,
Mwamini