Mwizi Niliyemkinga Mlangoni Petu

Mpendwa Mama Shiro,

Tangu tukuzike sijakuandikia. Nimekuwa nikikusemesha tu, jioni nikiendesha gari kutoka dukani Thika, au jikoni nikingoja maji yachemke. Shiro akinikuta hujifanya hakusikia. Lakini jambo la mwezi uliopita limenishinda kulisema. Kila nikilianza, najikuta nimehamia habari za duka. Ndiyo maana leo nimekaa kwenye kiti chako, kile kinachotazama dirisha, nijaribu kukueleza kwa kalamu.

Unakumbuka siku niliyoileta bastola nyumbani. Kidonda cha kichwani kilikuwa hakijapona vizuri, kile nilichopata wale watu waliponifuata kutoka dukani hadi karibu na kwetu Gitothua, wakanipiga kwa kitako cha bunduki na kuniacha kando ya barabara. Wewe ndiwe uliyekuwa ukinisafisha kila jioni, ukitoka kwa wagonjwa wako hospitalini ukaja kwa mgonjwa mwingine. Nikaomba leseni. Nilihojiwa, nikachunguzwa, nikafundishwa kulenga, na mwishowe nikapewa. Nilidhani utapumua. Uliitazama pale mezani, ukachukua kitambaa cha kufunikia chapati, ukaifunika.

"Hiyo kitu isiangalie mtoto wangu," ukasema.

Nilicheka. Wewe hukucheka. Ulilala kwenye kochi la sebuleni mpaka fundi alipokuja kuichimbia sefu ukutani, nyuma ya nguo zako. Na hata baada ya hapo, usiku huohuo, ulinishika mkono ukaniambia, "Shiro anaweza kuingia saa yoyote. Mimi natoka kazini saa yoyote. Kabla hujafanya chochote na hiyo kitu, ita majina yetu. Yote mawili. Niahidi." Nikakuahidi, kwa sababu nilikuwa na usingizi na nilitaka urudi kitandani.

Kuna jioni nyingine ambayo nimeikumbuka sana wiki hizi. Ulirudi kutoka hospitali ukaenda moja kwa moja kwenye sinki, ukanawa mikono, ukanawa tena, ukaendelea kunawa mpaka nikaja kuufunga mfereji mwenyewe. Watu walikuwa wamemchoma kwa tairi mtu aliyeshikwa akiiba. Aliletwa kwenu wodini akiwa bado anapumua. Nilikuuliza kama aliiba kweli. Ulinitazama kama mtu anayeulizwa swali kwa lugha asiyoijua.

"Alikuwa anaomba maji tu," ulijibu.

Sasa nikueleze.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Nilikuwa na homa, nikamwachia msaidizi wangu duka, nikarudi nyumbani mapema. Gari lilikuwa kwa makanika, kwa hivyo mtu akichungulia juu ya ukuta angeona uwanja mtupu. Shiro alikuwa amekuja wikendi kutoka chuoni Thika, lakini aliniachia uji mezani akaenda kusukwa nywele mjini Ruiru. Nikameza dawa nikalala.

Kilichoniamsha ni mtungi wa gesi ukiburutwa kwenye vigae vya jikoni. Nililala pale nikisikiliza, nikijiambia ni Shiro. Halafu nikajiuliza, Shiro anapeleka wapi mtungi wa gesi? Baadaye mlango wa chumba chake ukafunguliwa, na droo zikaanza kuvutwa moja baada ya nyingine, haraka, kwa nguvu, jinsi ambavyo mtu hafungui droo zake mwenyewe.

Nilisogeza nguo zako, zile ambazo sijazitoa hadi leo, nikafungua sefu. Mikono yangu ilifanya kazi vizuri kuliko nilivyotarajia. Hilo nalo limenishangaza. Niliposimama kwenye mlango wa chumba chetu nikikitazama kile kijia chembamba cha ndani, niliita.

"Shiro?"

Droo zikanyamaza.

"Mama Shiro?"

Nilisikia jina lako likitoka mdomoni mwangu kabla sijajua kwamba naliita. Miezi yote hii nimekusemesha, lakini sikuwa nimewahi kukuita kwa sauti ya mtu anayengoja kuitikiwa. Nikangoja. Hakika nilingoja, nikiwa na bastola mkononi na mwizi ndani ya nyumba, nilingoja uitikie.

Aliyetoka chumbani kwa Shiro ni yeye, mwizi. Kwa miaka yote tangu nipigwe, nilikuwa na picha ya mtu ambaye nitakutana naye siku hiyo: mkubwa, uso umefunikwa, ana bunduki. Huyu alikuwa mwembamba, wa miaka kama thelathini, amevaa lile koti la kung'aa wanalovaa mafundi wa intaneti. Kwapani alibana kompyuta ya Shiro, ameifunga kwa leso yako ya maua ya njano. Mkono wa pili ulikuwa na nondo ya chuma, ile aliyovunjia mlango wa nyuma.

"Weka chini," nikasema.

Hakuweka. Alipiga hatua mbele. Nimeifikiria hatua hiyo mara nyingi kuliko nilivyowahi kufikiria jambo lolote, na bado sijui kama alitaka kunivamia au miguu yake tu ilichanganyikiwa. Ninachojua ni kwamba kidole changu kilianza kukaza. Nilikuwa nimeamua, Mama Shiro. Hakuna kilichobaki cha kuamuliwa. Ndipo nondo ikamponyoka ikagonga vigae, na mlio wake ulikuwa mkubwa kiasi kwamba nilidhani nimeshampiga. Nilimtazama kifuani nikitafuta damu. Hakukuwa na damu. Alikuwa amepiga magoti, na mkojo ulikuwa unasambaa chini yake.

"Mzee, usiniue," alisema. "Nitatoka tu. Niache nitoke."

Nikamwambia alale kifudifudi. Akalala. Hatari ilipopita, nikaegemea ukuta.

Shiro aliingia kwa mlango wa mbele akiwa na nywele zake mpya. Aliona mgongo wangu, bastola, na mtu sakafuni. Akapiga yowe moja, "Mwizi!", na kwa kuwa alikuwa ameacha mlango na geti wazi, mtaa mzima ukasikia.

Siwezi kukueleza walivyofika haraka. Sijawahi kuona msaada ukija mbio namna hiyo mtaani kwetu. Mwanzoni nilifurahi. Nilidhani wamekuja kutusaidia kumshika mpaka polisi wafike. Kisha nikaangalia dirishani nikamwona Wafula.

Wafula wetu. Yule jirani anayefanya kazi kiwandani Thika, aliyekuwa akikubeba mikononi mpaka kwenye gari siku zile za ugonjwa wako, ulipokuwa huwezi kutembea. Aliyekesha na sisi matangani akipasua kuni. Alikuwa anaingia getini akiviringisha tairi kuukuu. Nyuma yake alikuwa Mama Auma, muuza mboga, ameshika jembe, na wengine ambao nawafahamu kwa sura na kwa majina ya watoto wao, na mikononi mwao kulikuwa na mawe.

Nilimkokota yule mtu kwa kola hadi kwenye stoo ya jikoni, nikamwambia Shiro afunge kwa ufunguo na apigie polisi. Shiro alikuwa analia, lakini alifanya hivyo. Mimi nikatoka nikasimama mlangoni, bastola nimeielekeza chini.

"Baba Shiro, pole sana," Wafula alisema. Alikuwa mpole kabisa, kama mtu aliyekuja kusaidia kuhamisha kabati. "Tupatie huyo mtu. Wewe ingia ndani upumzike, unaonekana mgonjwa."

"Polisi wanakuja."

"Polisi wakuje wafanye nini? Wiki ijayo utampata hapa nje."

"Hata kama. Huyu hatoki hapa bila polisi."

Mama Auma akasema, "Walibeba gesi yangu nikiwa kanisani. Nikapikia watoto kwa moto wa makaratasi. Wewe leo unatetea mwizi?"

"Simtetei. Nyumba ni yangu, ni mimi ameibia."

"Ameibia sisi wote," mtu akajibu kutoka nyuma, na hapo sauti zikawa nyingi, sikuweza tena kutofautisha nani anasema nini. Niliwaelewa, Mama Shiro. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Kila mmoja wao ameibiwa, na hakuna aliyerudishiwa kitu. Dakika chache tu kabla ya hapo, mimi mwenyewe nilikuwa nimeamua kumuua.

Jiwe lilitoka pembeni likanipata juu ya jicho. Damu ikaniziba jicho moja. Niliona watu wakisogea, nikafyatua risasi ardhini, katika kile kitalu chako cha sukuma wiki. Udongo ukaruka. Kila mtu akasimama alipokuwa.

Wafula akauliza, polepole, "Baba Shiro, unanilenga mimi?"

Nilitazama mkono wangu. Bastola haikuwa tena inatazama ardhi. Ilikuwa imeinuka, sijui lini, na ilikuwa inatazama kifua cha Wafula, pale kwenye vifungo vya shati. Na kidole kilikuwa mahali pake.

Nikaishusha.  Tulisimama hivyo, majirani wa miaka mingi, tukitazamana kama watu waliokutana siku hiyo, mpaka gari la polisi lilipoingia. Shiro alifungua stoo, wakamtoa yule mtu. Alipopita karibu nami hakuninyanyulia macho. Sasa yuko rumande, kesi yake inaendelea, na mimi ni shahidi. Jina lake nimelijua, lakini sioni haja ya kukuandikia.

Bastola waliichukua ili ikaguliwe, kwa kuwa ilikuwa imefyatuliwa. Niliandika maelezo kituoni hadi giza likaingia, huku plasta ikinivuta juu ya jicho. Afisa mmoja alinipa mkono akaniambia nimefanya vizuri. Nilitaka kumuuliza ni sehemu gani anayoisema.

Wiki zilizofuata zilikuwa za ajabu. Nikipita kibandani kwa Mama Auma, alinipimia nyanya bila kuinua uso. Geti la kwa Wafula, ambalo huwa wazi mchana kutwa, lilikuwa limefungwa. Shiro hakurudi bwenini chuoni. Alilala chumbani kwake taa ikiwaka, kiti amekisukumia mlangoni. Na kituo kiliponipigia simu kwamba ukaguzi umekwisha niende nikaichukue silaha yangu, ni yeye aliyesema, "Enda leo, Baba. Usikawie."

Ungemwona uso, Mama Shiro. Mtoto uliyekuwa unamficha hiyo kitu isimtazame.

Nilienda. Nikaketi mbele ya afisa, nikamwambia nairudisha pamoja na leseni. Aliniuliza kama nina hakika, mfanyabiashara kama mimi. Nikamwambia nina hakika. Sikuwa nayo. Nilijua tu kwamba nikiishika tena nitaona vile vifungo vya shati. Jioni Shiro alinipakulia chakula. Akaniuliza, "Na akija mwingine?" Nikamwambia nimeagiza vyuma vya mlango wa nyuma na taa za ukutani. Akasema vyuma haviwezi kumwambia mtu aweke chini kompyuta yake. Nikaenda kukaza komeo la mlango wa nyuma. 

Jumapili iliyopita, baada ya chakula cha mchana, Wafula alibisha hodi. Shiro alimfungulia, akarudi jikoni bila kunitazama. Wafula aliketi kwenye kochi, palepale alipokuwa akiketi akija kukujulia hali, akaishikilia kofia yake magotini. Shiro akaleta chai. Tukaongea kuhusu mvua. Tukaongea kuhusu zamu zake kiwandani, ambazo zimepunguzwa. Kisha akaweka kikombe chini.

"Nataka kukuuliza kitu, na usinidanganye," alisema. "Siku hiyo. Ungenipiga?"

Nilitaka kumwambia hapana. Neno lilikuwa jepesi, lilikuwa mdomoni tayari.

"Sijui," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa, muda mrefu. Nilidhani atasimama aondoke, na nisingemlaumu.

"Ile tairi niliileta mimi," akasema. "Hakuna mtu alinituma. Na kiberiti kilikuwa kwa mfuko wangu. Kila usiku najiuliza kama ningewasha." Akaigeuza kofia yake magotini. "Mimi pia sijui."

 Hakuniomba msamaha wala mimi sikumwomba. Alimaliza chai yake, akaongezewa, akaimaliza hiyo pia. Jua lilikuwa limefika kwenye miguu ya meza aliposema lazima arudi kwake. Nilimsindikiza hadi getini, na tukasimama pale kidogo kila mtu akiangalia barabara, kwa sababu hakuna kati yetu aliyetaka kuwa wa kwanza kugeuka.

Lala vizuri, mama. Mtoto wako yuko salama, kwa leo.

Mumeo,
Baba Shiro