Dakika Zangu Kiganjani

Dereva wangu, uko? Nimeshuka kwenye ndege sasa hivi. Nimejiaibisha mbele za watu!

Si unaijua tabia yangu tangu enzi za basi letu, tairi likianza kuzunguka tu mimi kondakta wako naangalia saa. Basi, hata ndegeni nikafanya hivyo hivyo. Karatasi sina, nikaandika kiganjani.

Tumetua, tumesimama, rubani akatangaza: "Tumeruka dakika hamsini." Nikainuka, mkanda ukanirudisha kitini pwaa! Nikapiga kelele: "Muongo! Saa moja na dakika kumi na mbili!"

Ndege nzima wakanigeukia. Wote, dereva wangu!

Mama niliyekaa naye akaniuliza, "Babu, umehesabu kuanzia wapi?" Nikamwonyesha kiganja. Dakika kumi na nne tunazunguka chini kabla ya kuruka, hamsini hewani, nane tena chini tukingoja pa kuegesha. "Na injini inanguruma muda wote," nikamwambia, "mafuta hayo, mwanangu! Mjukuu wangu anahesabu muda wa ndege hizi hizi, kila siku analia kwamba ofisini hawamwamini akisema muda wa chini nao unakula mafuta."

Akaniuliza jina la mjukuu. Nikamtajia. Akashika mdomo.

Kumbe ndiye bosi wake! Bosi mwenyewe!

Akapiga picha kiganja changu, akasema, "Mwambie kesho aje na zile hesabu zake. Safari hii nitazisoma."

Mjukuu amenikumbatia hapa nje mpaka kofia imedondoka. Ananiambia nikanawe mkono.

Sinawi ng'o!