Oili Mpaka Kwenye Rimu

Jumatatu, 14 Julai 2025

Leo Fizikia imeninogea hadi nikasahau uji! Madam Naomi kafundisha friction. Msuguano. Kwa Kiingereza nilikuwa nakariri tu, ila aliposema sugueni viganja — joto! Kumbe ndiyo hiyo! Akauliza nyumbani tunaiona wapi. Jibu nilikuwa nalo: baiskeli ya Baba inavyolia kwiii barabara nzima. Sikunyosha mkono. Huwa sinyoshi. Kaelo akasimulia ng'ombe wao alivyoteleza kwenye tope, darasa likacheka, naye akacheka. Ningekuwa Kaelo hata siku moja!

Alhamisi, 17 Julai 2025

Nimefanya jaribio langu mwenyewe!! Baba alipokwenda swala ya alasiri nikaipindua baiskeli, matairi juu. Nikazungusha la nyuma: mizunguko kumi na tisa, likasimama. Nikapaka oili chafu ya bodaboda — ekseli, cheni, pedeli. Nikazungusha tena. Arobaini na sita! Arobaini na sita! Rimu zilikuwa na kutu, nazo nikazipaka. Zote mbili. Zikang'aa. Sijamwambia mtu. Jumamosi Baba anafuata ndizi Zombo, atashangaa mwenyewe.

Jumamosi, 19 Julai 2025

Baba karudi mzima. Niandike hilo kwanza.

Kiwiko kimechubuka, mikungu miwili imepondeka. Anasema mteremkoni alibana breki, akabana tena — hakuna kitu! Akaburuza miguu, kandambili moja ikabaki njiani. Kilichomwokoa ni turubai la mzigo. Kamba ilikatika, likatuna nyuma yake, eti kama mtu kamshika shati anamwambia tulia mzee. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Mimi nikaropoka: "Ni hewa, Baba! Hewa inalivuta turubai nyuma!"

Wote wakageuka kunitazama. Sijawahi kuropoka! Lakini ni drag, ukinzani wa hewa, Madam kaitaja jana tu, na leo imemrudisha baba yangu nyumbani!

Halafu Baba akasema kosa ni la fundi Godfrey, aliyemwekea mipira ya breki wiki iliyopita, kaichonga kwenye soli ya kandambili. Keshamtangaza kijiweni: fundi gani yule, ataua watu.

Nikaenda kuitazama rimu, pale mipira ya breki inapobana. Alama ya kidole changu ipo pale pale kwenye oili. Nikaenda kusugua kucha kwa sabuni.

Jumapili, 20 Julai 2025

Asubuhi jirani yetu Melkizedek kapita anakokota baiskeli yake. Anaipeleka kwa fundi mwingine. Kwa sababu yangu! Na Godfrey ndiye aliyenipa kengele ya baiskeli bure nilipofaulu darasa la saba.

Sasa hivi Baba kaitoa baiskeli uani. Ananiita twende wote Magomeni kwa Godfrey.

"Wewe ndiye msomi wetu. Ukamweleze mbele ya wateja wake kwa nini mipira yake haishiki!"

Kucha zangu bado nyeusi, sabuni imeshindwa. Jibu ninalo. Lote, kwa lugha zote mbili, na mchoro naweza kuuchora chini kwa kijiti! Moyo unadunda. Woga, ndiyo — lakini si woga peke yake.

"Mwanakheri!"

Abee, Baba! Nachukua kitambaa na sabuni ya unga, vya kuitoa oili kwenye rimu. Tukifika, shikamoo fundi, na kabla Baba hajafungua mdomo, nanyosha mkono —