Umefikia kwa Nani

Jumatatu, 5 Mei 2003

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba nafasi tupu kwenye fomu lazima ijazwe. Nimeliona leo tena. Mkulima mmoja wa kakao alikuja kuuliza tu mnunuzi atafika Ikolo siku gani. Kwenye kitabu cha wageni akaandika jina lake, jina la baba yake, kijiji, anakofikia hapa mjini, na ugonjwa unaompeleka hospitali. Ugonjwa hakuulizwa. Nafasi ilikuwepo.

Mvua tangu alfajiri. Nimefungua ofisi saa mbili, nimepangusa kompyuta, nimeweka kitabu mezani karibu na mlango na kalamu juu yake. Magoti yanauma.

Bi. Zuhura, meneja wetu, mtu wa Tanga, amenipa kazi. Kampuni yetu ya kununua kakao ina tovuti tangu mwaka jana. Sasa wanunuzi wa Ulaya wanataka ukurasa unaoeleza jinsi tunavyokusanya taarifa za watu wanaoitembelea na jinsi tunavyozilinda. Niandike Kiswahili, Dar watatafsiri. Anasema aya mbili zinatosha, ziwe za kutuliza moyo. Nilifundisha miaka thelathini kabla ya kustaafu. Sijui kuandika cha kutuliza moyo juu ya jambo nisilolielewa. Nimemwambia anipe siku chache. Amesema, "Chukua, Mwalimu, ila usiniandikie kitabu."

Jumatano, 7 Mei

Nimempigia simu bwana anayeshughulikia tovuti, yuko Dar es Salaam. Laini ilikatika mara tatu. Nimejifunza mambo mawili, nayaandika hapa nisije nikayasahau.

Kwanza, tovuti inamwandika mgeni bila kumwambia. Inaandika namba ya mashine yake, saa aliyoingia, kurasa alizosoma. Ni kama mtu kasimama nyuma ya mlango anahesabu waliopita na kuangalia kila mmoja kachungulia chumba gani.

Pili, kuna yale mgeni anayoandika mwenyewe. Tovuti yetu ina ukurasa unaoitwa Kitabu cha Wageni. Jina, makazi, familia, ujumbe. Mwaka jana watu wengi walikaa kwenye kiti kilicho mbele yangu, wakasema, nikawachapia. Walifurahi kuona majina yao kwenye kioo cha kompyuta. Mimi pia nilifurahi. Niliwaeleza kwamba tovuti ni ubao wa matangazo uliopo Kyela, Karonga na Ulaya kwa wakati mmoja. Maelezo mazuri. Hakuna aliyeogopa, na sikuwapa sababu ya kuogopa.

Nimemuuliza huyo bwana: mtu akitaka maneno yake yafutwe, nani anafuta? Amecheka. Hajawahi kuombwa.

Nimeandika sentensi moja tu leo: Taarifa zako ziko salama. Nimeikata.

Ijumaa, 9 Mei

Tusekile amekuja. Ametembea kutoka Ikolo kwenye tope, viatu mkononi. Nilimfundisha darasa la sita. Alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wote. Aliolewa ng'ambo ya mpaka, Karonga, mume akafa miaka miwili iliyopita. Shemeji yake akataka kumrithi. Akakataa, akavuka mto Songwe na binti yake, Atupele, ambaye sasa ana miaka kumi. Ukoo wa mume unamtaka mtoto. Ng'ombe wa mahari walitolewa, kwa hiyo mtoto ni wao. Ndivyo wanavyosema. Na binti wa miaka kumi leo, kesho kutwa ni ng'ombe wengine.

Hawakujua yuko wapi. Sasa wanajua. Binamu yake anayefanya biashara ya mchele Kasumulu, mpakani, amemletea habari: kijana wa ukoo ule anayesoma chuo ameikuta tovuti yetu, akachapa ukurasa, akampelekea shemeji.

Nimeufungua ukurasa mbele yake. Upo. Novemba mwaka jana. Tusekile, mjane, Ikolo, nyumba ya tatu baada ya kanisa. Nauza vyungu. Mtoto mmoja, Atupele, darasa la nne, na jina la shule. Karibuni wateja.

Alitaka wateja wa vyungu. Hilo tu. Nyumba na shule alisita kuzitaja, nakumbuka vizuri. Nami nikamwambia, "Jaza zote. Anayeacha nafasi anaonekana ana la kuficha."

Hakunikumbusha maneno hayo. Afadhali angenikumbusha.

Nimempigia bwana wa Dar. Kasema hafuti kitu bila idhini ya mkurugenzi. Mkurugenzi yuko safarini. Nimemwambia ni suala la mtoto. Kasema anaelewa, lakini utaratibu ni utaratibu. Sauti ya mtu anayekula.

Jumanne, 13 Mei

Bado upo. Naufungua kila asubuhi. Bwana wa Dar kaniambia kila ninapoufungua, namba yangu nayo inaandikwa. Basi kuna mahali imeandikwa kwamba mzee mmoja Kyela anasoma ukurasa mmoja kila siku saa mbili.

Nimetuma barua pepe mbili na barua ya kawaida moja, yenye muhuri. Bi. Zuhura amepiga simu makao makuu akiwa amesimama. Sijawahi kumwona amesimama kwenye simu.

Tusekile amehama Ikolo. Yuko Lyulilo, ufukweni mwa ziwa, kwa mama yake mdogo, mfinyanzi, sokoni pale pale. Atupele haendi shule.

Nimechoka. Si uchovu wa mwili.

Ijumaa, 16 Mei

Umefutwa. Bi. Zuhura kampata mkurugenzi jana. Leo asubuhi nimeufungua, nafasi yake ipo wazi.

Tusekile alikuja mjini kununua mafuta ya taa, akapita kusikia habari. Nikamwonyesha kioo. Alitazama muda mrefu. Akasema, "Ndaga, Mwalimu." Asante. Akauliza kama na ile karatasi waliyochapa kule imefutika. Nikamweleza kwamba karatasi haifutiki, lakini inasema Ikolo, naye hayupo Ikolo tena. Niliona nimeeleza vizuri. Akasaini kitabu akaondoka. Mwandiko ule ule.

Kwa mara ya kwanza wiki hii nimemaliza chakula cha mchana.

Jumatatu, 19 Mei

Nayaandika yote kwa mpangilio, maana nikiyaacha nitajidanganya.

Saa nne shemeji yake Tusekile aliingia ofisini. Mtu wa miaka arobaini, koti safi, heshima tele. Alinisalimia Kinyakyusa cha ng'ambo, akaulizia afya yangu, mvua, kakao. Kisha akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ukurasa wetu, na jina la ofisi yetu juu. Alikuwa ametoka Ikolo. Nyumba ya tatu baada ya kanisa aliikuta imefungwa.

Akasema anamtafuta shemeji yake, ana mzigo wake wa urithi. Nikamwambia hapa hatutoi habari za mtu. Nilitamka neno kwa neno, kama nilivyokuwa nimeandika kwenye rasimu ya ukurasa wa tovuti. Hakubisha. Akaniita baba kwa lugha yetu, akasema, "Sawa, tata. Basi nisaini, niende. Nisionekane niliingia kama mwizi."

Nikamsogezea kitabu. Kwa mikono yangu miwili.

Alisaini taratibu. Aliinama juu ya ukurasa muda mrefu kuliko jina lake linavyohitaji. Nilidhani haoni vizuri. Akaniaga kwa adabu, akatoka.

Niligeuza kitabu nisome jina lake. Mistari mitano juu yake, Ijumaa: Tusekile. Natoka: Ikolo. Nimefikia kwa: mama mdogo, Lyulilo sokoni, mfinyanzi.

Safu ya nne. Umefikia kwa nani. Niliichora mimi kwa rula. Kwetu mgeni hujitaja: mimi ni fulani, baba yangu fulani, natoka mahali fulani, nimefikia kwa fulani. Asiyesema anatiliwa shaka. Nikaona kitabu kikiuliza hivyo kinakuwa na adabu. Wiki mbili nimepigana na mashine iliyoko Dar, na kitabu kilikuwa wazi mezani kwangu, kalamu juu yake.

Nilikwenda stoo kwa Bi. Zuhura. Nilimwambia kwa maneno machache. Alichukua funguo za gari la kampuni kabla sijamaliza. Njiani alisema jambo moja tu: "Mwalimu, jilaumu baadaye. Sasa niangalizie mashimo."

Magari ya abiria ya Matema, ndiyo yanayofika Lyulilo, hupitia Ipinda na husubiri pale mpaka yajae. Tulilikuta moja limesimama. Nilimwona yule shemeji kwenye benchi la nyuma, koti kalikunja magotini. Sijui kama alituona.

Lyulilo, Tusekile alikuwa anapanga vyungu kwenye majani makavu. Aliponiona nashuka garini alijua. Sikumsomea hotuba. Nikasema kilichotokea na kwamba kosa ni langu. Akafuta udongo mikononi. "Niliandika kama ulivyotufundisha, Mwalimu," akasema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeeleza alikopita.

Kutoka pale hadi Ikombe, kwa wafinyanzi wenzao chini ya mlima, hakuna barabara, ni mtumbwi tu. Mama mdogo aliwaita wapiga kasia waliokuwa wanashusha mzigo. Atupele aliuliza kama achukue madaftari. Mama yake alisema achukue. Akapanda mtumbwini kayashika kifuani, yamefungwa kwenye kanga ili yasilowe.

Walipotelea nyuma ya miamba. Gari la abiria lilifika tukiwa bado ufukweni, na yule bwana akashuka, akanisalimia tena. Niliitika. Ningefanya nini?

Jumatano, 21 Mei

Mama mdogo ametuma ujumbe. Yule bwana alikaa uani kwake hadi jioni. Hakutukana mtu. Alikula ugali wake. Alipoondoka alisema atarudi na wazee wa ukoo.

Nimekwenda kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya, mama mmoja kutoka Singida. Nilianza kumweleza yote tangu mwanzo, akaninyooshea kiganja. Akauliza mambo mawili tu: jina la mama, umri wa mtoto. Nikataka kumwambia walipo. Akakataa. "Nikihitaji nitakuuliza, mzee. Nisichokijua hakiwezi kunitoka."

Akaandika mistari miwili, akaweka jalada kwenye droo, akafunga, ufunguo mfukoni. Pande zote mbili zitaitwa. Hadi hapo mtoto anabaki na mama. Hakuahidi zaidi ya hapo.

Nimefundisha watu kuandika kwa miaka thelathini. Hili la droo sikuwahi kufundisha.

Ijumaa, 23 Mei

Nimemaliza ukurasa wa tovuti. Nimeandika kwamba tovuti inamwona mgeni hata asipoandika kitu, na kinachoonekana ni hiki na hiki. Kwamba tunaomba jina na njia moja ya kumjibu, basi. Kwamba nafasi ikiachwa tupu hatutauliza kwa nini. Kwamba akitaka tufute, tunafuta ndani ya siku mbili, na nimeandika cheo cha mwenye kazi hiyo, maana kazi isiyo na mtu haifanywi. Mwisho nimeandika kwamba kilichokwisha kusomwa na kuchapwa na mwingine hatuwezi kukirudisha.

Bi. Zuhura kausoma mara mbili. Kasema, "Nilikuomba cha kutuliza moyo, umeniletea cha kutisha." Nikamwambia ni cha kweli. Akasema wanunuzi watashangaa. Kisha akausaini. Ile sehemu ya Kitabu cha Wageni imeondolewa yote, na majina yote yaliyokuwemo. Nilichapa mengi kati ya hayo kwa vidole vyangu viwili.

Kitabu cha mezani kimo kabatini tangu Jumatatu ile. Wageni wanakiulizia. Wanaona kama tumewanyima heshima. Namweleza kila mmoja. Wengine wanaelewa, wengine wanatafuta kalamu.

Jumatatu, 26 Mei

Mvua imekatika. Nimeamka mapema, nimekunywa chai, nimekaa barazani.

Habari kutoka Ikombe: hawajambo. Atupele anafundishwa na mama yake kwa yale madaftari, anaandika juu ya ubao wa mtumbwi mkuukuu. Wazee wa ukoo wameitwa na ustawi wa jamii, hawajaja bado. Sijui itaishaje. Huenda nisijue. Kujua walipo kila siku si haki yangu.

Jana ibada ilipoisha nilipita mezani mlangoni mwa kanisa. Kitabu cha wageni. Safu nne zilizonyooka, mwandiko wangu juu. Nilisahau kwamba nilikichora mimi, mwaka ule niliostaafu, waliponiomba. Nikakumbuka vingine. Zahanati. Nyumba ya wageni karibu na stendi, ambako wanalala akina mama wanaovuka na mizigo. Vyote vipo mezani, vyote viko wazi, na vyote vinauliza kwa adabu.

Leo, kabla ya kwenda ofisini: chukua rula na wino mweusi, anzia nyumba ya wageni ya stendi, funika safu ya nne.