Ini la Dafrosa Limepona

Matogoro, Jumanne jioni

Na bado namwonea wivu, Mungu anisamehe.

Mimi na Dafrosa wa Namtumbo tulipasuliwa ini wiki ile ile kule Dar es Salaam, vitanda vyetu vimepakana. Sote saratani, kila mtu uvimbe mmoja. Daktari alituonya kwamba hata uvimbe ukitolewa wote, ugonjwa unaweza kurudi kwenye ini lililobaki. Tukaahidiana kuzeeka pamoja.

Leo mchana amenipigia simu. "Dada, kipimo changu safi! Hakuna kitu!" Nyuma yake wanawe walikuwa wanapiga vigelegele. Nikasema hongera, nikakata simu, nikaenda kupalilia mahindi kwa hasira mpaka kovu likaanza kuvuta.

Kwa nini yeye? Mimi sijakosa kliniki hata moja. Yeye hata dawa anasahau. Na ni kwenye ini langu walikoona doa jipya wiki iliyopita.

Sikuwa nimemwambia. Jioni hii nikampigia, nikamwambia kuhusu doa, na kwamba furaha yake imeniuma. Nilitaka naye aumie kidogo.

Akasema, "Hata mimi ningekuonea wivu, dada. Daktari anasemaje?"

"Ni dogo. Wanaweza kukata tena."

"Basi tunakwenda wote. Nitalala sakafuni, kando ya kitanda chako."

Nimelia. Wivu haujaisha, sitajidanganya. Ila nimemwambia aje Jumapili, tena aje na blanketi lake mwenyewe, maana langu simwazimi.