Mgongo Wangu Upande wa Kushoto

Jumapili, 15 Juni

Miezi mitano na siku tisa tangu nitoke Samuye.

Karasha, mashine ya kusaga mawe, limezimwa leo. Nimefua, nimeoga, vumbi la mawe bado linatoka puani. Mchana nikatoka na kamera kwa sababu ni wiki yangu. Kamera ni ya watu wawili, mimi na Shabani ninayelala naye chumba kimoja hapa machimboni. Tulichanga tukainunua kuukuu Geita mjini. Wiki yake, wiki yangu. Kila mtu ana kadi yake ya kuhifadhia picha, tusichanganye.

Nimepiga picha thelathini na kitu. Kilima. Mbuzi juu ya lundo la mawe. Mama wa chapati. Zote zimelala. Sijui namna nyingine ya kusema. Hazina kosa, zimelala tu.

Wiki iliyopita Shabani alimpiga picha mama huyohuyo wa chapati, akipuliza mkono ulioungua na mafuta. Kambi nzima inaomba aitume. Kamera ni ileile. Siwezi hata kuisingizia kamera.

Jumatano, 18 Juni

Viroba vya mawe tangu asubuhi, kutoka kwenye shimo hadi kwenye karasha. Bega la kulia limevimba.

Shabani amehamishiwa kulisha karasha, habebi tena. Ni mtu wa Tanga, mdomo mtamu, anamchekesha msimamizi. Labda ni mfanyakazi mzuri tu. Leo sitaki kuamini hivyo.

Wanawake wanaoosha mchanga wa dhahabu wanamwita Mpiga Picha. Mimi wananiita Mwenzake Mpiga Picha.

Jumapili, 22 Juni

Studio moja ya mjini imetangaza shindano. Picha moja kwa kila mtu. Mada: Nyumbani. Mwisho wa kupokea, tarehe 31 Julai. Mshindi anapata kamera mpya.

Kamera ya peke yangu. Nisisubiri wiki ya mtu.

Shabani alisoma tangazo juu ya bega langu. "Msukuma, safari hii tunapambana huku tunakula sufuria moja."

Nilicheka. Sikufurahi.

Jumatatu, 30 Juni

Mke wangu, Mama Limi, amepiga simu. Mdogo wake, Kabula, anaolewa Jumamosi ya tarehe 12. Baba mkwe amekataa mpiga picha wa kukodi. Amesema mkwe wake yupo.

Nimebeba viroba leo kama mtu asiye na bega. Kuna mahali duniani mimi ndiye Mpiga Picha.

Ila wiki ya harusi ni wiki ya Shabani. Nimemwomba. Kaniachia palepale. Afadhali angekataa kidogo.

Nimemwambia twende wote, anishikie kitambaa cheupe cha kurudisha mwanga. Hiyo ndiyo sababu niliyompa. Ukweli ni kwamba nataka anione ninavyoheshimiwa.

Ijumaa, 11 Julai. Samuye

Tumefika. Limi amekua, ana jino jipya. Alinikimbia kwanza, kisha akarudi kunichungulia kwa nyuma ya mama yake.

Shabani ameshajua majina ya watu wote wa nyumba ya wakwe. Mashangazi wanamfundisha kuitikia salamu za Kisukuma, anakosea kwa makusudi, wanashika mbavu. Nina miaka saba katika ukoo huu. Sijawahi kuwachekesha hivyo.

Jumapili, 13 Julai. Samuye

Harusi imekwisha jana. Niandike kabla sijasahau, ingawa sitasahau.

Kanisani nilipiga vizuri. Nyumbani pia. Nikasikia mtu anasema, "Mkwe anajua kazi." Shabani alishika kitambaa chake kimya. Kwa saa tano nilikuwa na furaha.

Jioni jua limelala upande, gari la bwana harusi limewashwa, Kabula ndani. Nilikuwa nimeshachagua mahali. Mlango wa nyumba kubwa, gari, mwanga unakuja kutoka zizini. Nilikaa hapo karibu saa nzima, nilijua kitatokea kitu mlangoni. Kikatokea.

Mama mkwe alitoka mbio. Mkononi kashika katambuga za Kabula, zile za matairi anazolimia pamba. Kanga imeshuka begani. Analia na kucheka kwa pamoja, anapiga kelele, "Kabula, utaenda shamba na nini?"

Kwetu mkwe hatazamwi usoni. Tukikutana njiani mimi hupita porini. Miaka saba, sauti yake naijua kuliko sura yake.

Sikufikiri. Nilimpa Shabani kamera mkononi, nikasogea kushoto, nikampa mama mgongo. Nikatazama ng'ombe. Nyuma yangu nikasikia kamera mara tatu.

Jumanne, 15 Julai

Siku moja tangu nitoke Samuye. Karasha. Viroba.

Baada ya kazi nimeitoa kadi kwenye kamera nikaiweka kwenye simu. Picha zangu za harusi ni mia mbili na kumi na moja. Nzuri. Zimelala.

Halafu, kati ya zile tatu za Shabani, ile moja. Nilisita, kwa kuwa ni uso wa mama mkwe. Nikajiambia simu si mtu. Nikatazama.

Ana pengo juu. Sikujua. Katambuga zimeinuliwa mpaka kwenye dirisha la gari, mkono wa Kabula umetoka kuzipokea, vidole havijafika. Jua limekaa kwenye machozi. Pembeni kabisa kushoto kuna mwanamume wa koti la kaki, amewapa wote mgongo, anatazama ng'ombe. Ni mimi.

Ndiyo picha ambayo ningepiga. Mahali nilichagua mimi. Mwanga niliusubiri mimi. Yeye alibonyeza tu.

Nimeitazama mara tisa. Nimechukia kila mara.

Jumapili, 20 Julai

Nimemwonyesha Shabani, kwa kuwa aliuliza. "Aisee, ilitoka? Iko kwenye kadi yako, basi. Nitaichukua siku moja."

Siku moja! Mtu anapiga kitu kama kile halafu anasema siku moja. Ingekuwa yangu ningelala nayo kifuani.

Yeye atapeleka kwenye shindano picha ya chumba chetu. Magodoro mawili na sufuria. Anasema nyumbani ni pale unapovulia viatu.

Jumanne, 29 Julai

Nimetuma. Si yangu. Ile.

Kadi ni yangu, harusi ni ya kwetu, mahali nilichagua mimi. Niliyasema haya yote njiani, kwa sauti, peke yangu. Ukishaanza kujitetea njiani bila mtu kukuuliza, unajua tayari.

Kwanza nimekata kipande cha kushoto. Mpiga picha hawezi kuwa ndani ya picha amegeuka mgongo. Kisha nikaandika jina langu.

Jumapili, 10 Agosti

Hakuna habari kutoka studio. Shabani ameniachia tena siku zake mbili za kamera kwa sababu ana homa. Nimempikia uji. Nimempikia vizuri kupita kiasi.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimeshinda.

Wameiweka kwenye ukurasa wao, jina langu chini. Mama wa chapati ndiye aliyeniletea simu kunionyesha. "Kumbe wewe ndiye Mpiga Picha, na ulivyo mkimya!"

Nilingoja maneno hayo tangu Januari. Yalipita kama maji kwenye chekeche.

Shabani aliitazama muda mrefu. Akamrudishia mama wa chapati simu yake. "Hongera, bwana," akasema. "Jicho lako limekuwa refu siku hizi." Kisha akaenda kula kwa mama wa chapati. Sufuria nimekula mimi peke yangu, nusu nimemwaga.

Jumapili, 17 Agosti

Mama Limi amepiga asubuhi. Hakusalimia.

"Baba Limi, ulimtazama mama usoni?"

"Hapana."

"Picha ina jina lako. Kaka ameipata kwenye simu, kijiji kizima kimeona. Mama yuko wazi kichwa, analia, na wewe umesimama mbele yake unabonyeza?"

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Baba ameuliza kama nimeolewa na mtu au na kamera. Mama amejifungia ndani, chai amerudisha. Sema kitu."

Nikasema nitapiga baadaye. Sikuwa nimefikiri hata kidogo. Nilipokata picha nilikuwa namfikiria Shabani tu. Wivu ulinijaa macho, sikuona kwamba kuweka jina langu pale ni kusema nilisimama mbele ya mkwe wangu na kumtumbulia macho.

Basi nina njia mbili. Niwe mkwe asiye na adabu, au niwe mwizi wa picha. Nimekaa juu ya kiroba nikichagua.

Jumatatu, 18 Agosti

Studio wamepiga. Wanataka picha ya asili, isiyokatwa, waichape kubwa. Niende nayo Jumatano kuchukua kamera.

Kamera mpya! Ningeweza kusema kadi imeharibika. Nilitafuta hata maneno.

Shabani anapita kana kwamba mimi ni godoro.

Jumanne, 19 Agosti

Nimemwambia Mama Limi. Nikamtumia picha nzima, pamoja na kipande nilichokata. Nikamwandikia: tazama kushoto. Mwenye koti la kaki ni mimi. Aliyepiga ni Shabani. Jina niliweka mimi, nimeiba.

Kisha nikamfuata Shabani kwenye karasha. Palikuwa na kelele, ikabidi nipige kelele pia. Watu wakageuka.

"Picha ile ni yako!"

"Najua ni yangu," akasema. "Najua vidole vyangu." Akamwaga mawe kwenye karasha, akafuta mikono. "Ungeniomba ningekupa. Ile wiki si nilikupa?"

Hilo ndilo lililoniuma. Si matusi. Angenitukana ningelala usingizi.

Jumatano, 20 Agosti

Studio. Binti wa mapokezi hakunielewa.

"Kwa hiyo picha si yako."

"Si yangu."

"Kamera ya nani?"

"Yetu wawili."

"Kadi?"

"Yangu."

"Harusi?"

"Ya shemeji yangu."

"Sasa kaka, mbona unajisumbua?"

Alimwita mwenye studio. Yeye alielewa haraka, alinitazama kama kitu kilichodondoka kutoka kwenye kiatu. Wamefuta jina langu na kuandika la Shabani. Ile picha ya chumba chetu imeondolewa, kwa kuwa mtu mmoja ni picha moja. Wataichapa nzima, bila kukata. Nimewaomba hivyo. Nikatembea kwa mguu mpaka njia panda nikitukana. Sijui nilimtukana nani.

Jumapili, 24 Agosti

Mama Limi amepiga. Safari hii amesalimia.

Kaka yake alipeleka simu kwa mama. Mama aliikuza picha kwa vidole, akaenda kushoto, akaniona nimegeukia zizini. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Kumbe ng'wanawane alikuwa anahesabu ng'ombe!" Ameniita hivyo, mwanangu. Amekula. Anataka picha ya kutundika, ile nzima. Akasema wasije wakamkata mkwe wake.

Baba mkwe hajacheka. Anataka mbuzi, kwa kuwa jina langu lilikaa siku nne chini ya uso wa mke wake. Nitampa. Ni haki.

Jumamosi, 30 Agosti

Shabani amechukua kamera yake. Nyeusi, mkanda bado una harufu ya duka. Jina lake liko ukutani studio, na mgongo wangu uko ukutani studio.

Bado namwonea wivu. Nilifikiri ukisema ukweli unaisha. Hauishi.

Aliniwekea ile ya zamani juu ya godoro. "Hii sasa ni yako. Wiki zote."

Leo tumekula sufuria moja. Alisema chumvi imezidi. Ilikuwa imezidi kweli.

Jumapili, 7 Septemba

Karasha limezimwa. Nimefua. Nikatoka na kamera yangu.

Nimepiga chache tu. Moja ni ya Shabani, ameinama kumpiga picha mama wa chapati kwa kamera mpya. Nimempiga kwa nyuma. Shati limepanda, mgongo una vumbi, nyayo zimekanyaga pembeni kama mtu anayenyata. Niliirudia mara mbili kuitazama. Haijalala sana.

Picha ya mama mkwe imechapwa, ina fremu. Nimeifunga kwa mfuko wa saruji na kamba. Mbuzi nitampata mnadani, Mama Limi ameshamchagua. Nikifika nitaiacha picha mlangoni, nitabisha, nitaenda kusimama zizini mpaka mama mkwe amalize kuifungua. Nitasikia kama amefurahi. Sauti yake naijua.

Siku hamsini na tano tangu nitoke Samuye. Ruhusa nimepewa. Naondoka Ijumaa, natarajia kufika nyumbani Jumamosi, tarehe 13, kabla ng'ombe hawajarudi.