Mwaloni Namba Saba na Jina la Mwalimu

Mpendwa Mshauri, naomba msaada, na naanza na hasara yenyewe ili usihangaike kuitafuta: tarehe 11 Novemba mwaka jana, saa tatu asubuhi, nilipoteza mwaloni mmoja, ule ninaouita Namba Saba, pamoja na mifuko thelathini ya chandarua niliyokuwa nimeifunga kwenye matawi yake tangu Mei, na aliyeukata kwa msumeno wa mota ni mume wangu.

Mimi ni mkulima wa uyoga huku milimani Shimane, shule niliishia darasa la tisa, nilianza na magogo arobaini ya kuoteshea uyoga na leo nina elfu kumi na moja mia mbili, sikurithi hata moja, na kwa miaka kumi na tisa nimekuwa nikichunguza nyigu wadogo kama punje ya ufuta wanaotaga mayai kwenye mialoni, mti nao unaota vinundu na watoto wao wanakulia humo ndani. Aliyenifundisha kazi hiyo ni Mwalimu Hayamizu, ambaye pia ndiye mshenga aliyetuoza mimi na mume wangu, na kwa miaka thelathini na moja kila Mwaka Mpya tunampelekea uyoga mkavu na kuinama mbele yake. Maishani mwake Mwalimu amegundua nyigu mmoja tu, wa vinundu vyekundu vinavyoota kwenye majani wakati wa vuli, akampa jina la kitongoji alikozaliwa, Uryuno, ambacho sasa kiko chini ya maji ya bwawa, na ukurasa wa jarida wenye jina hilo umetiwa fremu juu ya kitanda chake katika nyumba ya wazee.

Sasa kuna nyigu mwingine, wa vinundu vyeupe kwenye maua ya masika, aliyepewa jina na mtu mwingine miaka ishirini na miwili kabla ya Mwalimu, na mimi nimeona kwa macho yangu kwamba hawa si nyigu wawili, ni mmoja, kizazi cha masika na kizazi cha vuli, mama na watoto wasiofanana hata kidogo. Mwaka wa kwanza niliwafungia nyigu wa masika kwenye mifuko ishirini, kumi na saba ikatoa vinundu vyekundu. Mifuko ishirini isiyo na nyigu, sifuri. Mwaka wa pili mifuko ishirini na minne, ishirini na mmoja ikatoa, mitupu mingine ishirini na minne, sifuri tena, na humo nikapata nyigu kumi na watatu, wote majike, ninao kwenye chupa ya spiriti, huwezi kuwatofautisha na wa Mwalimu. Na kanuni ya majina inajulikana: wakiwa mmoja, jina la zamani ndilo linalosimama, la Mwalimu linaanguka. Mwaka wa tatu ulikuwa wa kuhakikisha, ndio huo uliokatwa.

Mume wangu kwanza alisema, "Si uliufunga utepe mwekundu? Mwekundu ni wa kukata." Nikamwambia, "Baba Chihaya, utepe mwekundu nimefunga miti kumi na miwili, imekuwaje msumeno wako ukaujua mmoja tu?" Siku ya nne, mdomo umejaa wali, akasema, "Nilijua. Nyigu wako wanazaliwa kila mwaka, mama. Mwalimu hazaliwi tena, na Uryuno ndiyo hiyo, samaki wanatembea humo." Tangu siku hiyo nampikia lakini simsemeshi, na magogo ishirini na sita ya mti ule nimekataa kuyatia mbegu ya uyoga, yamelala uani.

Kilichonimaliza ni Mwaka Mpya. Mwalimu, miaka themanini na saba, aliniuliza, "Vipi mwaloni wako?" Nikasema umekatwa. Akauliza, "Na wa mwaka juzi, je?" Nikamdanganya kwamba vinundu viliingia ukungu. Akacheka, akasema, "Wewe? Mkulima wa uyoga, umeshindwa na ukungu?"

Jarida la chama chetu cha wadudu linafunga kupokea makala tarehe 20 Februari. Sitaki maneno ya kunipoza. Nataka neno moja, nichapishe au nisichapishe, na nalitaka kabla ya Jumamosi tarehe 10.

Mwenye Mti, Shimane

MSHAURI ANAJIBU

Mwenye Mti, neno lako ni hili: chapisha. Usifunge gazeti, sijamaliza nawe.

Pole kwa mwaloni. Mume wako alikuwa na mdomo, akachagua msumeno. Akuombe radhi kwa sentensi nzima, na safari hii ameze wali kwanza.

Lakini wewe mtu wa hesabu, tuhesabu pamoja. Mifuko thelathini na minane kati ya arobaini na minne ilitoa vinundu. Mitupu arobaini na minne haikutoa hata kimoja. Nyigu kumi na watatu wako kwenye chupa. Mwaka wa tatu ulikuwa wa kuhakikisha nini? Jibu ulikuwa nalo tangu mwaka juzi ukalikalia. Uliogopa kilekile alichokiogopa mumeo. Yeye akakata mti, wewe ukaufunga mifuko mingine thelathini. Miezi mitatu unamnunia mtu kwa kukuondolea mahali pa kujificha.

Na Mwalimu wako je? Mzee anayeuliza "na wa mwaka juzi?" hapigi soga. Kazi hii umejifunza kwake. Unadhani hakuona unakoelekea? Alikufungulia mlango, wewe ukamletea ukungu, tena mshenga wako, tena Mwaka Mpya. Aibu hiyo ni yako, si ya nyigu.

Jambo jingine unalijua ila hasira imekusahaulisha: jina la Uryuno halichomwi moto. Litashuka chini ya lile la zamani na kuandikwa hapo, pamoja na jina la Mwalimu na mwaka wake, katika kila orodha ya nyigu hao. Fremu ibaki ukutani.

Jumapili tarehe 11, saa za wageni, nenda. Mumeo abebe hadubini, ndiyo adhabu yake. Mwekee Mwalimu chupa mbele yake, muombe radhi kwa uongo wako, kisha nyamaza atazame. Akimaliza, muulize kama angependa kuiandika makala pamoja nawe. Akikubali, jina lake litangulie. Akikataa, andika peke yako, tuma kabla ya tarehe 20. Ukirudi nyumbani, toboa yale magogo uyatie mbegu, msimu unapita na magogo hayajakukosea.

Umenipa tarehe, nami nakupa yako. Alhamisi tarehe 15, saa sita mchana, kadi yako ya posta iwe mezani kwangu: chupa umeiweka mbele ya Mwalimu, ndiyo au hapana? Habari za ukungu sipokei.